Pazia la Lesi

Jumatatu, 20 Oktoba

Niaje, Kasiri. Nimekupa hilo jina kwa sababu ni wewe tu unasoma hii daftari, na siri zangu zote nitakuwekea wewe. Mimi ni Muthoki, miaka ishirini na moja, naishi mji wa Wote, nyuma ya soko, na mama. Napiga picha za watoto wachanga. Shule ya picha sijawahi kuiona, nilijifunza kwa simu, video moja baada ya ingine, na kamera yangu ni ya mitumba, kifuniko cha betri nimefunga na raba.

Leo siwezi kukaa chini! Lile shindano la Nairobi la picha za watoto limefunguliwa tena. Mwaka jana nilikuwa namba saba kati ya watu mia nne. Namba saba, na hiyo raba! Mwaka huu mshindi anapelekwa kusomea picha miezi sita. Hiyo nafasi naitaka mpaka silali.

Wacha nikwambie vile watu hushinda. Usitumie fleshi. Mwanga utoke upande mmoja, dirisha ama mlango. Ngumi ya mtoto ionekane kabisa, ile ingine yote iyeyuke. Na ile kubwa: mtoto asipite siku tano. Akipita hapo anajinyoosha, anaanza kukataa, anakuwa mtu. Kabla ya hapo bado amejikunja vile alikuwa tumboni. Unampanga kwa kiondo na haamki. Majaji wanapenda yule wa kabla.

Alhamisi, 23 Oktoba

Joto. Mawingu yamekaa juu ya Wote kama wageni wamekuja kuomba kitu na wanaona haya kusema.

Jumapili, 26 Oktoba

Mutindi amejifungua! Kijana, jana alfajiri, na leo wameruhusiwa kwenda nyumbani. Mutindi tulikaa dawati moja mpaka darasa la nane, saa hii ameolewa Kasikeu na Nyamai, yule wa malori, ambaye ako safari mpaka wiki ijayo. Ameniandikia: "Kuja umpige kabla hajakunjuka, si ndio unasemanga? Na mimi nataka nione mtoto wangu akishinda watoto wa Nairobi."

Kiondo iko tayari. Pamba iko tayari. Kesho.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kasiri, NIMEIPATA.

Nilifika Kasikeu mchana. Mama ya Nyamai, sisi wote tunamwita Susu, alikuwa mlangoni anapepeta mbegu za ndengu. Akaona mfuko wa kamera.

"Hiyo ni nini?"

"Kamera, Susu. Nimekuja kumpiga mgeni picha."

"Umesema vizuri, ni mgeni. Mgeni hapigwi picha kabla hajasema anakaa." Halafu akacheka kidogo asinikasirishe. "Kesho wamama wanakuja tumpe jina. Baada ya hapo piga mpaka hiyo macho ya kamera itoke."

Unajua hii mambo ya wazee wetu. Mtoto kabla apewe jina siku ya tatu bado ni kiimu, roho ya wale walitangulia, anaweza kugeuka arudi. Mama yangu akisikia hiyo anasema ni giza ya zamani, tumeokoka. Mimi nilikuwa nafikiria mwanga. Nje ilikuwa laini kama maziwa, na kesho nani anajua?

Mungu akanisaidia, ama nilidhani ni Mungu. Saa tisa matone ya kwanza yakaanguka kwa mabati. Mvua ya kwanza hakuna mtu anakaa nyumbani, ardhi ikilowa unatupa mbegu. Susu akabeba karai na jembe, akaenda akiimba. Mutindi akaniangalia, mimi nikamwangalia.

"Piga haraka kabla arudi," akasema.

Nyumba yake iko na dirisha moja ndogo inaangalia ukuta wa jikoni, haina mwanga. Nikafungua mlango wote. Nikavua mtoto kila kitu, kwa sababu nguo huharibu, jaji anaona nguo haoni mtoto. Nikamweka kwa kiondo kwa ile pamba, miguu imekunjwa, ngumi chini ya kidevu. Mutindi alikuwa amelala kando kwa kitanda, amechoka mpaka anaongea macho yamefungwa. Halafu akanyamaza. Mvua ikaongezeka, na Kasiri, huo mwanga! Mtoto alikojoa kidogo nikageuza pamba nikaendelea. Hakulia. Alikuwa mtulivu ajabu. Mtulivu kabisa, mwanamitindo wa kuzaliwa.

Mutindi akiamka nilikuwa nimemvalisha mtoto tena.

"Ai, nilisinzia. Ulimaliza?"

"Dakika kumi tu," nikasema.

Nimefika nyumbani nikajaza fomu kwa simu. Mahali pa jina la mtoto inakataa ukiacha wazi. Sasa ningefanya aje? Kijana wa kwanza huchukua jina la babu yake, na marehemu mume wa Susu alikuwa Kaloki. Nikaandika Kaloki. Nikatuma.

Jumanne, 28 Oktoba

Mutindi amepiga simu asubuhi. Sikuelewa anasema nini. Halafu nikaelewa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Wamemzika jana nyuma ya nyumba, wamama wachache, hakuna hotuba, hakuna jina. Wale wamama walikuwa wamekuja na unga na sukari ya kumpa jina. Walibaki na hivyo vitu mikononi hawajui waviweke wapi.

Alianza kukataa kunyonya usiku wa Jumatatu. Wakamkimbiza zahanati asubuhi na mapema, hakufika. Nesi amesema ni maambukizi ya damu, huenda alizaliwa nayo. Huenda.

Mutindi alinishika mkono. "Uko na zile picha?"

"Ziko."

"Mungu akubariki, Muthoki. Mimi sina ingine. Simu yangu ilikuwa imezima tangu hospitali."

Kesho ndio mwisho wa kutoa picha kwa shindano kama umebadilisha nia. Nilikuwa nimeandika hapa ati nimesahau. Nimekata huo mstari. Sijasahau.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua. Kumbikumbi wamejaa kwa taa ya choo ya plot.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepigwa simu na mama mmoja wa hapa Wote, mtoto siku nne. Nikaenda. Nilishika miguu yake, nikamwambia mama yake amvalishe soksi. Akavalisha. Nikashika tena, nikasema ongeza ile blanketi. Mwisho akaniuliza, "Sasa wewe utapiga picha ya blanketi?" Nikacheka. Nikapiga blanketi.

Ijumaa, 14 Novemba

Tuko kumi bora. Kati ya mia sita.

Nimekimbia na simu mpaka kwa Mulinge, yule wa studio ya pasipoti karibu na stage. Huyo jamaa anajua picha lakini mdomo yake ni pilipili.

"Nyinyi watu wa watoto mnaiba," akasema. "Mimi napiga mzee wa miaka sabini na anasonga, wewe unapiga kitu kimelala."

"Soma hapo chini majaji wamesema nini, wewe!"

Akasoma na sauti: "Mwanga wa upande mmoja umetumika kwa ustadi. La ajabu zaidi ni kivuli cha pazia la lesi juu ya paja na mkono wa mtoto. Mpiga picha ameichora ngozi kwa dirisha."

Mulinge akavuta picha ikakuwa kubwa. Kweli, iko. Kitu kama neti nyembamba, rangi ya zambarau kwa mbali, imetanda kutoka kwa paja mpaka tumbo.

"Manze, hii lesi umeitoa wapi? Hii ni akili."

"Ni pazia tu," nikasema.

Kasiri, nyumba ya Mutindi haina pazia la lesi. Mwanga ulitoka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na kitu katikati, mvua tu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kumi bora tunapigiwa kura kwa mtandao, na Mutindi anapiga kila siku. Ananitumia namba: mia tisa, elfu moja na mia mbili. Leo amenipigia. Mara ya kwanza tangu ile siku nimesikia sauti yake iko na mtu ndani.

"Muthoki, watu elfu moja na mia tatu wamemwona. Angekaa hapa Kasikeu miaka sitini asingeonwa na watu hao wote."

"Ni kweli."

"Susu amekasirika juu ya hiyo jina uliandika. Ati ni jina ndiyo ilimrudisha, uliita kabla wenyewe hawajaita. Nimemwambia awache. Nimemwambia Muthoki alikaa dakika kumi tu, hakumfanya kitu."

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Hiyo ya jina naweza kubishana nayo mpaka jioni. Ni giza ya zamani, mama atanisaidia na aya za Biblia. Na nikwambie kitu mbaya, nilifurahi. Nilifurahi Susu amepata kitu cha kunilaumu, na kitu chenyewe si kile.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimefanya ile kitu nilikuwa naogopa. Nimefungua kadi yote kwa kompyuta ya Mulinge, nikamwambia atoke nje aninunulie mandazi.

Kamera huandika saa ya kila picha. Ziko sitini na moja. Ya kwanza saa tisa na dakika kumi na mbili. Ya mwisho saa tisa na dakika hamsini na moja.

Ukizipitisha haraka ni kama sinema. Ya kwanza mpaka ya kumi na tano, ngozi yake ni safi, imejaa damu, ameweka mdomo kama anataka kuambia mtu kitu. Kuanzia ya thelathini vidole vya miguu vimebadilika rangi. Ya arobaini lesi inaanza kwa goti. Ya hamsini na nne, hiyo ndiyo niliyotuma, iko kila mahali.

Nimetafuta kwa simu. Ngozi ya mtoto mchanga hufanya hivyo akipata baridi. Wamesema mara nyingi si kitu, mfunike tu. Mara nyingine ni dalili ameanza kuugua, mpeleke hospitali. Pia wamesema mtoto wa baridi hutulia sana, watu wanadhani ni mpole.

Dakika thelathini na tisa. Mimi nilikuwa nasikia kumi. Naapa mbele ya Mungu, kwa masikio yangu zilikuwa kumi.

Mulinge alirudi na mandazi. "Mbona umekaa kama umeona nyoka?"

"Macho inauma."

"Wacha kuangalia hao watoto sana. Oa."

"Mimi ni msichana, fala wewe."

"Basi olewa." Na akaniwekea mandazi mbili kubwa. Sikukula.

Jumapili, 23 Novemba

Mama amesimama kanisani akaomba washirika wapigie binti yake kura. Watu hapa hawajui mtoto alifariki, ni Kasikeu wanajua. Wamama wa kwaya wakatoa simu palepale kwa benchi. "Anaitwa nani?" "Kaloki." "Kaloki, ai, jina la kizee hivyo!" "Umempata Kaloki?" "Nimempata, ni huyu, Kaloki, ona hiyo mashavu!" Kanisa mzima, Kaloki, Kaloki, na mvua juu ya mabati. Nilienda nje nikajifanya nakohoa.

Mvua ikianza siku hizi naangalia saa. Ikiisha naangalia tena.

Jumanne, 25 Novemba

Hakuna kitu. Ndengu za watu zimeota vizuri.

Ijumaa, 28 Novemba

Tatu bora.

Mwandalizi mwenyewe alipiga kutoka Nairobi, sauti nzuri kama ya redio. Tarehe kumi na tatu ndio fainali. Akasema wangependa mtoto na mama yake wapande jukwaani, watu wanapenda kuona vile mtoto amekua. "Kaloki saa hii ako na mwezi mmoja, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo."

Kasiri, nilisema ndiyo!

Jumatano, 3 Desemba

Susu amekuja Wote. Peke yake, na miguu yake ya kuvimba. Mama alikuwa sokoni. Nilimpata amekaa kwa ngazi, viatu vimejaa matope, leso imefungwa kiunoni. Nilidhani amekuja kunilaani. Nikamletea chai, akaipuliza, akainywa yote kwanza.

"Mwana wakwa, mimi sikuja kugombana. Mutindi anasema ninyi wa siku hizi hamuamini. Sawa. Lakini nisikize. Yule mtoto hakupewa jina. Maana yake anaweza kwenda salama, na siku moja arudi kwetu kwa tumbo hiyohiyo. Sasa nyinyi mmemshika. Watu hawajui hata nyumba yetu wanamwita kila siku, na wanamwita kwa jina la mume wangu. Kaloki, Kaloki. Kati ya hao wawili nani ataitika?"

Akaweka kikombe chini kwa ngazi.

"Mutindi hatoki kwa simu. Anaangalia tu. Maziwa yake haijakauka, akiangalia hiyo picha inatoka inalowesha blauzi. Unataka akae hivyo mpaka lini?"

"Susu, nitaitoa kwa shindano."

"Si hiyo moja. Zote. Ziko ngapi?"

"Sitini na moja."

Akafunika mdomo na mkono. "Ngai! Sitini na moja, za mtoto wa siku mbili? Ulikaa hapo mpaka saa ngapi?"

Ni yeye wa kwanza kuuliza hiyo swali. Aliuliza tu hivyo, kama mtu anashangaa bei ya kitu. Nikasema kamera hupiga haraka sana, inaweza piga hata kumi kwa sekunde. Akakubali. Akanishukuru kwa chai. Wakati wa kwenda alipiga magoti, Kasiri, yule mama, kwa simiti yenye maji, akashika mikono yangu zote mbili na akasema, "Futa. Nakuomba kama binti yangu."

Jumamosi, 6 Desemba

Nimeandikia waandalizi: mtoto alifariki siku moja baada ya picha, jina si lake, naomba muitoe. Wamejibu wamesikitika sana. Kufika saa sita haikuwepo tena. Mama amelia juu ya miezi sita yangu ya masomo. Mulinge hakutania hata kidogo, alinipa soda.

Nilidhani nitasikia mwepesi.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua.

Jumanne, 9 Desemba

Naota niko mlangoni kwa Mutindi na huo mwanga wa maziwa, na kamera inapiga yenyewe, na mtu nyuma yangu anauliza kwa upole, bado? Sijui ni sauti ya nani. Si ya mtoto. Hakuwahi kuwa na sauti, hata kulia sikumsikia.

Ijumaa, 12 Desemba

Mutindi ako hapa. Amefika saa nne, amekonda, nywele amezisuka vizuri kama mtu anaenda kuandikwa kazi. Nilijua atanigombeza juu ya picha kutolewa. Hakunigombeza.

"Ulifanya vizuri. Susu amelala usingizi tangu hiyo siku. Ile ya shindano nimeiacha iende. Hata hiyo jina haikuwa yake."

"Pole, Mutindi."

"Lakini Susu amesema ziko sitini na moja." Akakaa karibu na mimi. "Muthoki, mimi niliona mtoto wangu vibaya. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na maumivu, nilikuwa nalala. Nilikuwa nasema nitamwangalia kesho. Wewe ndio ulimwangalia. Nipe zote. Vile zilifuatana, ya kwanza mpaka ya mwisho. Nataka kukaa nazo moja moja. Nataka hizo dakika kumi zangu."

Hapo nje anasaidia mama kuchambua kunde. Nawasikia. Mama amemwambia kitu amecheka kidogo. Nimemwambia natafuta waya wa kuunganisha kadi na simu yake, na waya uko hapa mkononi, na kadi iko hapa juu ya daftari.

Susu ameniomba nifute zote. Nikifuta nitakuwa nimetii mtu mzima alinipigia magoti, mtoto ataenda salama vile Susu anaamini, Mutindi atakauka maziwa, atapata nguvu, na hakuna mtu dunia hii atajua kulikuwa na picha ya kumi na tano na picha ya arobaini. Kila mtu ataniambia asante. Mpaka mimi nitaanza kuamini zilikuwa dakika kumi.

Nikimpa Mutindi, atampata mtoto wake. Atamwona akiweka ule mdomo kama anataka kusema kitu. Atampata dakika thelathini na tisa, si kumi, karibu mara nne ya vile anadhani alikuwa naye. Na kila picha itakuwa imeandikwa saa chini yake, na Mutindi si mjinga, darasani alikuwa ananipita hesabu. Atapitisha moja moja. Ataona goti. Atakumbuka kwake hakuna pazia. Halafu atarudi kwa ile kitu mbaya kuliko zote, kwamba yeye alikuwa amelala hapo kando, mita moja. Atanichukia, hiyo naweza. Lakini akimaliza kunichukia mimi ataanza kujichukia yeye, na nesi alisema huenda, huenda alizaliwa nayo, huenda hata angefunikwa na blanketi saba. Hakuna mtu atawahi kujua, na yeye atakaa na hiyo maisha yake yote.

Ama nimpe zile kumi na tano za kwanza peke yake? Nimefikiria hiyo pia. Nimefikiria kila uongo.

Anaita. "Muthoki, umepata waya?"

Kasiri, ni mtoto wake. Ungekuwa wewe umekaa hapa na hii kadi, na yeye ako hapo mlangoni amenyoosha mkono, wewe ungefanya nini?